Jamhuri iliyompigania mfalme: Iquicha ilikuwa nchi kweli au stori ya mtandaoni?

Kuna hizi posti za "nchi zilizopotea ambazo hujawahi kuzisikia" zinazozunguka sana kwenye magrupu ya wapenda historia, na humo ndani haikosekani moja inaitwa Jamhuri ya Iquicha, ya huko Peru, imewekewa ramani iliyopakwa rangi na bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu uliokaa kama alama ya X. Maelezo mistari miwili: eti Peru ilipopata uhuru hawa jamaa wakakataa, wakaanzisha nchi yao ya kumtii mfalme wa Hispania, ikadumu miaka kadhaa ikafa. Basi. Ukishuka kwenye komenti ndo vurugu yenyewe, mmoja anauliza jamhuri gani tena inampigania mfalme, mwingine anasema hao ni watu wa milimani hawakupata habari kwamba mkoloni kashaondoka, wa tatu anaapa walidanganywa na mapadri na Wahispania, na wa nne kashafunga mjadala, "hii nchi haijawahi kuwepo, acheni uongo".

Huyo wa nne ndo yuko karibu na ukweli kuliko wenzake, japo na yeye kapitiliza.

Tuanze na maneno maana hapo ndo wengi wanapopotelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 ukiitoa Brazil ya Wareno, karibu Amerika ya Kusini yote ilikuwa ya Hispania, na Peru ndo ilikuwa ngome yao kuu, mfalme anawakilishwa pale na mtu anaitwa virrey, yaani mtu anayetawala kwa niaba yake, anakaa Lima. Vita vya uhuru vilipoanza kulikuwa na pande mbili: wazalendo, hao wanataka kujitenga, na watu wa mfalme, hao wanataka mambo yabaki yalivyo. Sasa usije ukadhani watu wa mfalme walikuwa Wahispania watupu waliotoka Ulaya na meli. Jeshi la mfalme huko Peru lilijaa wazaliwa wa palepale, wengi wao wakulima wa milima ya Andes wanaoongea Kiquechua, wakati wazalendo nao walikuja na majenerali kutoka Venezuela, Argentina na hata Mwingereza mmoja, William Miller. Kwa hiyo picha ya "wenyeji wote upande huu, wageni wote upande ule" itupe kabisa kabla hatujaendelea, haitakusaidia kitu.

La pili ni hili la "nchi isiyotambuliwa". Chukua kijiwe cha bodaboda. Kina mwenyekiti, kina katibu, ukitaka kupaki pale unalipa kiingilio, ukigombana na mwenzio kuna kikao, akifiwa mtu kuna mchango wa lazima, na mgeni akija kubeba abiria pale bila kujitambulisha atakiona cha moto. Nenda ofisi za manispaa ukaulizie, hawana hata karatasi moja yenye jina la hicho kijiwe. Sasa kipo au hakipo? Kwa anayepaki pale kipo sana, kwa karani wa manispaa hakipo. Iquicha ilikuwa hivyo. Ilikusanya ushuru, iliamua kesi, iliteua viongozi wa vijiji, iliita watu kwenye kazi za barabara na kwenye vita, ila hakuna serikali yoyote iliyowahi kuitambua kama nchi, na hapo namhesabu hata mfalme mwenyewe waliyekuwa wanampigania.

Na hilo jina la jamhuri? Si lao. Hawa watu hawakukaa siku moja wakatangaza jamhuri, wao walisema wanatetea mfalme na dini, na barua zao ziliandikwa kwa jina la Fernando wa Saba, mfalme wa Hispania wa wakati huo. Neno jamhuri limekuja kubandikwa baadaye na watu waliojaribu kuelezea ule utawala wao wa milimani. Hata ile bendera si ya kwao peke yao, ni bendera ya kijeshi ambayo majeshi ya Hispania yaliitumia kwa karne kadhaa, kwa hiyo yule aliyecheka kwenye komenti kwamba jamhuri gani inampigania mfalme alikuwa anacheka kichwa cha habari.

Haya, twende eneo lenyewe. Ukitoka mji wa Ayacucho, ambao zamani uliitwa Huamanga mpaka Bolívar, kiongozi mkuu wa wazalendo, alipoubadilisha jina mwaka 1825, ukaelekea kaskazini unafika Huanta, mji wa bondeni wenye hewa nzuri. Juu ya Huanta kuna puna, ndo nyanda za juu za baridi, karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, huko ni viazi, kondoo na llama, na huko ndo kuna vijiji kama Iquicha, Uchuraccay na Carhuahurán. Sasa ukivuka mgongo wa mlima upande wa mashariki ardhi inaporomoka kwenda kwenye joto na msitu mpaka mto Apurímac, na kwenye hiyo miteremko ndo kuna mashamba ya koka. Hii sehemu ishike vizuri kichwani maana ukiisahau koka, hii stori yote inageuka kuwa ya watu wanaompenda mfalme bila sababu.

Koka ninayosema ni majani, sio unga. Kokeini ilikuwa haijatolewa bado, maabara za Ulaya zilikuja kufanya hivyo karibu na mwaka 1860. Majani ya koka watu wa Andes wameyatafuna toka enzi za mababu, kwa baridi, kwa njaa, kwa kazi nzito, kwa ibada, na wachimba migodi ndo walikuwa wateja wakubwa kwa sababu huko chini mtu hafanyi kazi bila majani yake. Ili jani lifike kwa mchimbaji lazima lifungashwe kule chini kwenye joto, lipande mlima mgongoni mwa nyumbu, livuke puna, lishuke tena, siku kadhaa njiani. Wenye nyumbu hao ndo walijua kila njia, kila daraja, kila bei, na kila uvumi, wanalala kijiji hiki leo kesho kile, wanafahamiana na mkulima, na padri, na mfanyabiashara wa Kihispania wa mjini. Antonio Huachaca alikuwa mmoja wao.

Huyu Huachaca ndo mtu wa kumwangalia. Mtu wa puna, anaongea Kiquechua, hajui kusoma wala kuandika, kazi yake nyumbu. Yalipotokea maasi makubwa ya Cusco mwaka 1814, Huanta ilisimama upande wa mfalme na Huachaca akawa kwenye kundi la kupigana na hao waasi, na kwa miaka iliyofuata akazidi kupanda mpaka akapewa cheo cha brigadia kwenye majeshi ya mfalme. Mwaka 1821 virrey La Serna aliipa Huanta heshima na nembo yake kwa uaminifu wao. Sasa fikiria kwa jamii ya wakati ule, mkulima mwenyeji mwenye cheo cha namna hiyo, cheo alichopewa na mfalme na sio na jirani zake. Wakati huohuo upande wa kusini wa Ayacucho, Cangallo, walikuwepo wapanda farasi wanaitwa Morochuco, wenyeji kama wao, na hao walikuwa wazalendo wa kufa na kupona mpaka jeshi la mfalme likauchoma mji wao mwaka 1822. Majirani wa karibu kabisa, pande tofauti. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Wahindi wa Andes walitaka hiki", muulize wa kijiji gani.

Tarehe 9 Desemba 1824 ndo vita ya Ayacucho, kwenye uwanda wa Quinua, sio mbali na Huanta. Jenerali Sucre kwa upande wa wazalendo akiwa na watu kama 6,000 akalivunja jeshi la mfalme lililokuwa kubwa kuliko lake, virrey La Serna akajeruhiwa akakamatwa, na siku hiyohiyo ikasainiwa karatasi ya kusalimu amri. Vitabu vya shule vingi hapo vinafunga ukurasa, Hispania kwisha habari yake. Lakini mambo hayakuisha hivyo. Ngome ya Callao, bandari ya Lima kabisa, ilishikiliwa na ofisa wa Kihispania, Rodil, kwa jina la mfalme mpaka Januari 1826, na kisiwa cha Chiloé kule kusini mwa Chile nacho kikaanguka mwezi huohuo. Kwa hiyo mtu wa Huanta wa mwaka 1825 aliyesema "bado hatujashindwa" hakuwa chizi, kulikuwa na bendera ya mfalme inapepea karibu na pua ya serikali mpya pale Lima.

Baada ya Ayacucho baadhi ya maofisa na wafanyabiashara wa Kihispania hawakutaka kurudi kwao, walikuwa na biashara, familia, madeni ya kudai, wakapanda zao huko puna. Maarufu kati yao ni Nicolás Soregui, ofisa wa zamani aliyekuwa pia mfanyabiashara. Na serikali mpya haikuchelewa kuonyesha sura yake, Sucre akaipiga Huanta faini nzito kwa kosa la kusimama na mfalme. Hapo hata aliyekuwa anasitasita keshapata pa kusimama.

Halafu ikaja ishu ya kodi, na hii ndo mimi naiona kama kiini. Chini ya Hispania wenyeji walilipa kodi ya kichwa, kodi ambayo ililipwa na wao tu kwa sababu ni wenyeji. San Martín, jenerali wa wazalendo aliyetoka Argentina, alipotangaza uhuru mwaka 1821 akaifuta, kwa maneno mazuri tu kwamba hakuna tena Wahindi, wote ni Waperu. Mwaka 1826 jamhuri imeishiwa hela, ikairudisha ileile, imeibadilisha jina tu ikaitwa mchango wa wenyeji, na haikuja kufutwa mpaka 1854. Kuna kingine juu yake: zamani kodi ile ilienda na makubaliano fulani, unalipa lakini ardhi ya kijiji inalindwa na mahakama za mfalme, unaweza kushtaki na wakati mwingine unashinda. Bolívar akaja na amri za kuigawa ardhi ya jumuiya kwa mtu mmojammoja, na mwaka 1825 akafuta vyeo vya machifu wa jadi. Nia yake yawezekana ilikuwa nzuri, sibishani, lakini ukiwa umekaa Uchuraccay unachoona ni kwamba unalipa vilevile na ile kinga haipo tena.

Kuna barua Huachaca aliiandikisha (anasema yeye, karani anaandika) kwenda kwa wakubwa wa Ayacucho, na humo anawageuzia kibao: nyie ndo waporaji, miaka mitatu ya utawala wenu tumepata nini zaidi ya dhuluma, majonzi na uharibifu? Ukiisoma unaona mtu mwenye daftari la malalamiko, na analisoma ukurasa kwa ukurasa.

Mapigano yalianza mapema na yakawa ya kuja na kuondoka. Mwaka 1826 sehemu ya kikosi cha wapanda farasi cha Húsares de Junín, kikosi cha wazalendo chenye jina kubwa, kiliasi huko Huancayo kikaenda kuungana na waasi wa Huanta, jambo ambalo peke yake linatosha kuharibu ile hadithi kwamba waasi walikuwa wakulima wasiojua dunia inaendaje. Tarehe 12 Novemba 1827 Huachaca na watu wake wakaushika mji wa Huanta kutoka kwa askari wa serikali. Tarehe 29 mwezi huohuo wakajaribu Ayacucho yenyewe, na hapo wakashindwa, wakazi wa mji wakapigana nao, wakarudishwa milimani.

Kilichowasukuma ile Novemba ni pamoja na uvumi kwamba meli za Hispania ziko pwani, mfalme anarudi. Watu wanaicheka sana hii. Lakini mwaka 1829, miaka miwili tu baadaye, Hispania kweli ilipeleka jeshi kama la watu 3,000 likashuka Tampico, Meksiko, kujaribu kuirudisha koloni yake, wakashindwa. Na kwa Peru, Hispania haikusaini mkataba wa amani na kuitambua rasmi mpaka mwaka 1879. Ndiyo, 1879! Kwa miaka zaidi ya 50 kwa Madrid Peru yenyewe ilikuwa bado haijatambulika kikamilifu. Uvumi wa 1827 haukuwa kweli, lakini haukuwa wa kijinga.

Sasa tufike Uchuraccay, maana hapa ndo ile "nchi" ilipoishi. Uchuraccay ilikuwa shamba la mwenye ardhi huko puna, na waasi wakalifanya makao yao makuu, na kutoka pale Huachaca na wenzake wakawa wanaendesha eneo. Kitu cha kwanza walichokishika ni fungu la kumi la koka. Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi: kila mwenye shamba la koka anatoa sehemu ya kumi ya mavuno kwa ajili ya kanisa, lakini kanisa haliendi kukusanya lenyewe, haki ya kukusanya inauzwa kwa mnada, mtu anainunua kwa hela halafu anashuka mashambani kukusanya majani na faida inabaki kwake. Ni dili nono, na lilizoeleka kuwa mikononi mwa watu wa mjini. Waasi wakawaweka wakusanyaji wao. Hebu itazame hiyo kwa jicho la mkulima na la mwenye nyumbu: yuleyule anayekuja na mizani sasa hatoki mjini na karatasi ya mnada, anatoka Uchuraccay, unamjua baba yake, na majani anayochukua yanaenda kulisha watu wa vita na kulipa gharama za utawala wa palepale. Wenye tenda za serikali wakawa wanalalamika kwamba hawapati kitu, na kwangu mimi hayo malalamiko ni ushahidi mzito kuliko bendera yoyote, maana mtu halalamiki kuporwa ushuru na serikali isiyokuwepo.

Wakateua pia maalkalde, yaani viongozi wa vijiji, wakasikiliza kesi, wakaita nguvukazi kutengeneza njia na madaraja. Madaraja tena! Bila daraja nyumbu havuki na koka haifiki. Sasa ukiona waasi wanatumia muda wao kwenye matengenezo ya daraja ujue hawana mpango wa kukimbia kesho.

Na kwenye huo utawala nani alikuwa juu? Hapa ndo ile nadharia ya "walidanganywa na Wahispania" inapokwama. Soregui na wenzake walikuwepo, waliandika barua, walitoa ushauri, mapadri nao walikuwepo, na wenye mashamba baadhi. Lakini jenerali alikuwa Huachaca. Mhispania msomi anafanya ukarani na mkulima asiyejua kusoma ndo anayetoa amri, kwa Peru ya 1827 hiyo ni picha ya ajabu kuliko hata hiyo ya kumtaka mfalme, na ndo maana mwanahistoria wa Peru Cecilia Méndez, aliyechimba sana nyaraka za hii vita, anasisitiza kwamba tusiuangalie uasi huu kama watu waliogandia zamani. Huko mjini maofisa walizoea kusema hao wakulima wana kichwa kigumu, wanaburuzwa na wajanja. Ilikuwa inawafaa kusema hivyo, kwa sababu ukikubali kwamba wameamua wenyewe inabidi ujibu hoja zao.

Serikali ikajaribu njia mbili kwa pamoja, msamaha na moto. Mkuu wa Ayacucho, Domingo Tristán, alitoa ahadi za msamaha kwa watakaoshuka, wengine wakashuka. Wengine hapana. Machi 1828 kamanda Gabriel Quintanilla akapanda na kikosi, na ngome ya Uchuraccay ikaanguka. Katikati ya mwaka huohuo Soregui akakamatwa akashtakiwa pamoja na wengine, na majalada ya kesi hizo ndo yamewaachia wanahistoria kazi nzuri, kwa sababu hapo wakulima, wenye nyumbu na mapadri wanasikika wakijieleza mbele ya karani. Huachaca hakukamatwa. Alishuka upande wa msitu, upande wa koka, na hakuna aliyemfuata huko akafanikiwa.

Kwenye zile posti za mtandaoni stori inaishia hapa, au wanairusha moja kwa moja mpaka 1839. Wanaruka sehemu tamu kuliko zote.

Mwaka 1834 Peru iliingia kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe. Rais aliyechaguliwa kihalali na bunge ni Luis José de Orbegoso, na jenerali Pedro Bermúdez, mtu wa Gamarra, rais aliyepita, akataka kumpindua. Unadhani watu wa Iquicha walikuwa upande gani? Orbegoso. Wale "watu wa mfalme" sasa wako vitani wakimtetea rais wa jamhuri, tena aliyewekwa kikatiba, dhidi ya mapinduzi ya kijeshi. Na Orbegoso akashinda. Baadaye kidogo, kati ya 1836 na 1839, Andrés de Santa Cruz, rais wa Bolivia, alipounganisha Peru na Bolivia kuwa Shirikisho, wakawa upande wake pia, na Huachaca, yuleyule mwasi asiyekamatika, akawa hakimu wa amani wa Carhuahurán, ofisa wa serikali kabisa.

Hapo utauliza walibadilika lini. Mimi nadhani hawakubadilika sana. Mfalme alikuwa jina la mpangilio waliouzoea, wana cheo, wana sauti, ushuru unashikwa na watu wanaowajua. Akija rais anayeuheshimu huo mpangilio wanampigania rais. Gamarra aliwaletea jeshi na kodi, wakapigana na Gamarra. Ndo maana kumwita Huachaca "mfuasi wa mfalme" na kuishia hapo ni kama hujasoma nusu ya maisha yake.

Shirikisho likavunjwa kwenye vita ya Yungay, Januari 1839, na jeshi la Chile likisaidiana na Gamarra. Iquicha wakaendelea kugoma miezi kadhaa, mpaka tarehe 15 Novemba 1839 Tadeo Choque, mmoja wa viongozi wao, alipokutana na mkuu wa Ayacucho, Manuel Lopera, sehemu inaitwa Yanallay wakasaini amani. Serikali ya nchi inasaini mkataba na kiongozi wa wakulima, ukitaka kutambuliwa wao walifika hapo, siku ileile waliyoweka silaha chini. Huachaca hakusaini, akapotelea zake msituni.

Kwa hiyo mtu akikwambia nchi hiyo ilidumu kutoka 1821 mpaka 1839, mwambie anachanganya vitu vitatu: eneo lililokuwa bado chini ya virrey, utawala wa waasi uliokaa Uchuraccay miaka michache mpaka 1828, na miaka ya 1830 ambapo walikuwa wanashiriki siasa za Peru kama raia wengine wenye bunduki, na miaka hiyo Peru nzima ilikuwa na bunduki.

Kuna uongo mmoja umebaki na huu umeleta madhara. Kwamba Waiquicha ni kabila la kale, wapiganaji toka enzi za kabla ya Wainka, waliojitenga na dunia. Nyaraka hazisemi hivyo. Jina la Iquichano kama jina la watu linaibuka kwenye nyaraka miaka hiyohiyo ya 1820, lilikuwa la kijiji likatanuka kwa ajili ya vita, likawabeba watu wa vijiji vingi vilivyopigana pamoja. Lakini baadaye waandishi wa Huanta na Ayacucho wakalipamba mpaka likawa kabila, na maafisa wa serikali wakaliamini.

Tarehe 26 Januari 1983, Peru ikiwa kwenye vita na waasi wa Sendero Luminoso, waandishi wa habari 8 waliuawa na wanakijiji Uchuraccay, palepale, wakidhaniwa ni Sendero, pamoja na mtu aliyewaongoza njia na mwanakijiji mmoja. Serikali ikaunda tume chini ya mwandishi Mario Vargas Llosa, na ripoti yake ikawaeleza wanakijiji hao kama Waiquicha, watu waliotengwa, wa dunia ya zamani, wenye jadi ya vita. Mjadala nchi nzima ukawa juu ya ushenzi wa milimani, wakati Uchuraccay ya 1983 ilikuwa na shule na wafanyabiashara, na wanakijiji wake wanafuata barabara kwenda Huanta. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyotoa ripoti yake mwaka 2003 ikaja kuonyesha kwamba baada ya tukio lile wanakijiji 135 wa Uchuraccay waliuawa, na Sendero, na majeshi ya serikali na mgambo wa vijiji vingine. Hao hawakuandikwa kwenye magazeti wakati wanakufa. Waliobaki walikimbia wote, kijiji kikawa magofu kwa miaka.

Oktoba 1993 familia zikaanza kurudi na kujenga upya, pembeni ya kijiji cha zamani. Mwaka 2014 serikali ya Peru ikapitisha sheria ya kuifanya Uchuraccay wilaya kamili ndani ya Huanta, yenye meya wake na bajeti yake kutoka Lima.